Unakwenda kambini kupanda farasi? Anzia kwenye sindano

Na DAKTARI WETU

Ndugu msomaji, ukiishi Mbotela kama mimi, farasi si mnyama utakayekutana naye ukienda kununua maziwa asubuhi. Hapa kwetu tumezoea mikokoteni, bodaboda na kelele za matatu za Jogoo Road. Anayetaka kumwona farasi sharti avuke jiji zima hadi uwanja wa mbio ulioko Ngong Road. Hata hivyo, wazee wanakumbuka kuwa farasi aliwahi kuwa jirani yetu. Kabla ya mbio hizo kuhamia Ngong Road mnamo 1954, zilikuwa zikifanyika huku upande wetu wa mashariki ya jiji, na ndiyo sababu barabara inayopita karibu na Kariokor ingali inaitwa Race Course Road.

Miaka hii farasi anaturudia kwa njia nyingine. Vyama vya akiba, vikundi vya vijana wa kanisa na familia nzima nzima zimeanza kupenda kupiga kambi msituni na kupanda farasi kwenye njia za karibu. Wenye haraka huenda msitu wa Ngong Road, ulio jirani na uwanja wa mbio, wakapanda kwa saa moja na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Wengine huenda Naivasha, ambako mtu anaweza kupita juu ya farasi katikati ya twiga na pundamilia wasimkimbie. Wenye nauli na siku za kutosha hufika Nanyuki, wakalala kwenye hema ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya.

Mimi kama daktari nasema ni jambo jema. Kupanda farasi hufanyisha kazi misuli ya mapaja, tumbo na mgongo, misuli ambayo mtu wa ofisini au wa dukani huisahau kabisa. Hewa ya msituni ni safi, usingizi wa kambini ni mtamu, na mtu aliyeshinda wiki nzima akifikiria kodi ya nyumba hurudi na uso mwingine. Lakini wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo mimi mwenyewe nililipuuza, na rafiki yangu nusura alilipie kwa uhai wake.

MWIBA MDOGO

Ilikuwa mwezi wa Agosti, miaka michache iliyopita. Chama chetu cha mtaani chenye watu 14 kilikodi gari la kwenda upande wa Nanyuki. Tulipiga kambi ukingoni mwa msitu, na farasi tukakodishiwa na mwenyeji mmoja wa huko. Saisi, yaani yule mtunza farasi, alikuwa mzee mpole aliyemjua kila mnyama kwa jina. Alipokuwa akitufunga matandiko alituambia kwa fahari kuwa farasi wake wote wamechanjwa, hata dhidi ya pepopunda. Tulitikisa vichwa na kumsifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza sisi wapandaji tumechanjwa lini, na hapo nami nilikuwepo, daktari mzima.

Siku ya pili mama mmoja wa chama chetu alianguka. Farasi alishtushwa na ndege aliyeruka kutoka kichakani, akaruka kando, na mama akajikuta chini. Sote tulipiga mayowe. Kwa bahati alikuwa amevaa kofia ngumu iliyofungwa vizuri kidevuni. Kofia ilipasuka upande mmoja, kichwa kikabaki salama. Nilimpima, nikamlaza, nikamwamsha mara kadhaa usiku ule kuangalia kama anasema mambo yanayoeleweka. Kulipopambazuka aliomba chai na mandazi. Kisa chake kikawa hadithi ya kucheka njia nzima ya kurudi Nairobi.

Ambaye hakuzungumziwa ni fundi wa mbao, mzee wa miaka 50 na ushei, jirani yangu. Jioni ile ile alitoka hemani na ndara miguuni, akapita karibu na zizi la farasi, na mwiba wa mgunga ukapenya ndara na kuingia kisiginoni. Aliung'oa mwenyewe. Aliponionyesha, palikuwa na tundu dogo tu, damu imekwisha kukauka. Nilimwambia aoshe kwa maji na sabuni. Aliosha. Tukarudi kwenye nyama.

Siku ya tisa baada ya hapo alikuja kwenye kliniki yangu akiwa amejishika shavu. "Daktari, taya limekataa," aliniambia kwa shida. "Nadhani ni jino." Nilimwomba afungue kinywa. Kilifunguka upana wa kidole kimoja. Nilimgusa tumbo, nikakuta gumu kama ubao anaoupiga randa. Hapo nikauona mwiba ule tena mbele ya macho yangu.

JINA LINA PUNDA NDANI

Ugonjwa huu kwa Kiswahili tunauita pepopunda, na ukilitazama neno lenyewe lina punda ndani yake. Kiini chake ni kijidudu kinachokaa ardhini na kwenye mavi ya wanyama, hasa farasi, punda na ng'ombe. Kikiwa nje hujifunga ndani ya ganda gumu na kinaweza kukaa mchangani miaka mingi, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Kwa hivyo zizi, njia wanakopita farasi, na uwanja wa kambi walipofungwa farasi ni mahali pake hasa.

Kijidudu hiki hakipendi hewa. Ndiyo sababu jeraha kubwa lililo wazi, linalotoa damu nyingi, si lazima liwe baya kuliko tundu dogo la mwiba au msumari. Tundu dogo hufunga juu, ndani hakuna hewa, na kijidudu hupata nyumba. Kikishatulia humwaga sumu inayosafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo, na misuli huanza kukaza bila amri ya mwenye mwili.

Dalili huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia, mara nyingi zaidi katika wiki ya pili. Kwanza taya hukaza. Halafu kumeza huwa taabu, shingo hukakamaa, tumbo huwa gumu. Baadaye huja mikazo mikali ya mwili mzima, mgongo ukapinda kama upinde. Mlango ukigongwa au taa ikiwashwa ghafla mkazo huanza upya. Na mgonjwa, ndugu msomaji, anakuwa na akili zake zote. Anasikia kila kitu. Kinachomuua mara nyingi ni misuli ya kupumua kukaza.

Jirani yangu alilazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, taa zimepunguzwa, wauguzi wakitembea kwa vidole. Alipewa dawa ya kuizima sumu iliyokuwa haijashika mishipa, dawa za kulegeza misuli, na mashine ikampumulia. Sumu ambayo imekwisha kushika haing'olewi. Mtu husubiri mwili ujirekebishe wenyewe. Alikaa hospitalini wiki 5. Fedha ambazo chama kilikuwa kimeziweka kwa ajili ya ploti zilikwenda zote. Kwa rehema za Mungu alitoka akitembea, ingawa amekonda na suruali zake zilihitaji mshipi mpya.

Chanjo ambayo ingezuia haya yote, kwa kawaida haizidi bei ya nyama choma ya watu wawili pale Burma.

NANI ASIYE NA KINGA?

Huenda unasema, "Mimi nilichanjwa utotoni." Huenda ni kweli. Mpango wa taifa wa chanjo nchini Kenya ulianzishwa mnamo 1980. Aliyezaliwa kabla ya hapo, hasa mashambani, huenda hajawahi kupata sindano hata moja. Watoto wa sasa hupata chanjo yenye kinga ya pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, kama rangi ya ukuta. Inahitaji kupakwa tena.

Akina mama wengi wana bahati. Wakienda kliniki wakiwa wajawazito hudungwa sindano ya pepopunda, na aliyezaa mara kadhaa huenda ana kinga nzuri. Sisi wanaume ndio tuliosahaulika. Mwanaume wa miaka 40 au 50 hana siku inayompeleka kliniki akiwa mzima. Huyo ndiye anayepiga misumari, anayefungua maboneti ya magari, na sasa ndiye anayekwenda kupanda farasi.

Utaratibu ni huu. Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, au hana hakika, huanza na sindano ya kwanza, hupata ya pili baada ya wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6. Baada ya hapo huongezewa moja kila miaka 10. Ukiumia jeraha chafu, lililoingia udongo au mavi ya mnyama, na imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho, ongezewa bila kungoja. Na kama hukuwahi kuchanjwa, chanjo peke yake siku ya jeraha haitoshi, kwa kuwa huchukua muda kujenga kinga. Utahitaji pia dawa ya kuizima sumu. Hilo ndilo nililopaswa kumfanyia jirani yangu: kumuuliza swali moja, kisha kumtia garini siku ile ile hadi hospitali ya Nanyuki. Sikumuuliza.

KICHWA NA VISIGINO

Baada ya sindano, jambo la pili ni kichwa. Mtu aliyeketi juu ya farasi kichwa chake kiko zaidi ya mita 2 kutoka ardhini, na farasi anaweza kukimbia kwa mwendo wa matatu. Yule mama wa chama chetu aliokolewa na kofia. Usikubali kupanda bila kofia ngumu ya wapanda farasi, hata kama mwenyeji anakuambia farasi ni mpole kama kondoo. Kofia ikukae sawasawa, isicheze, na mkanda ufungwe kidevuni. Kofia iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu haina kazi tena, hata kama ufa hauonekani.

Vaa viatu vilivyofunika mguu na vyenye kisigino kifupi. Kisigino huzuia mguu kupenya na kunasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Aliyenaswa mguu huburutwa. Usizungushe hatamu mkononi kwa sababu hiyo hiyo. Na usimkaribie farasi kwa nyuma. Mwendee kutoka ubavuni, mbele kidogo, ukimsemesha, kwa kuwa teke lake huvunja mfupa wa paja.

Mtu akianguka, msimwinue kwa pupa. Mwache alipo, muulize jina lake na siku ya leo. Akilalamika shingo au mgongo, au asihisi miguu, asisogezwe hadi wapatikane watu wanaojua kubeba majeruhi. Piga 999 au 112. Mpeleke hospitali mara moja akizimia hata kwa dakika moja, akitapika, akisinzia kupita kiasi, akiumwa na kichwa kinachozidi, akichanganya maneno, au akitokwa na damu au maji masikioni na puani. Ubongo unaweza kuvuja damu polepole, mtu akacheka jioni na asiamke asubuhi.

NANI ASIPANDE?

Mwenye mimba asipande. Mwenye kifafa ambacho hakijatulizwa na dawa, mwenye maumivu makali ya mgongo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mzee mwenye mifupa dhaifu, wote wazungumze na daktari wao kwanza. Mwenye pumu ajue kuwa manyoya ya farasi na vumbi la nyasi kavu zaweza kumwamshia kifua. Abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake mwenyewe, wala asiiache hemani.

Jambo jingine tusiloonewa haya: uzito. Watunza farasi wengi hukadiria kuwa farasi abebe si zaidi ya moja kwa tano ya uzito wake. Farasi wa kilo 450 basi abebe kama kilo 90, matandiko yakiwemo. Ukiwa mzito kupita hapo, sema ukweli upewe farasi mkubwa au tembea nao kwa miguu. Farasi aliyeelemewa huumia, na farasi anayeumia hutupa mtu.

JIKO NDANI YA HEMA

Watu wa Nairobi hudhani wanaijua baridi ya Julai na Agosti. Ukilala kando ya msitu wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, utaijua upya. Na hapa ndipo ninapoogopa kuliko tembo. Mtu wa Eastlands akishikwa na baridi, mkono wake huenda kwenye jiko la makaa. Usiingize jiko ndani ya hema, hata lililobaki majivu mekundu tu, hata ukiacha zipu wazi kidogo. Makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Waliolala hawaamki. Vaa soksi mbili, kofia ya sufu, jaza chupa maji moto uifunge kitambaa uweke miguuni. Jiko lilale nje.

KUPE, MAJI NA MASWALI MENGINE

Farasi na nyasi ndefu vina kupe. Kila jioni jikague kwenye makwapa, kinena, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio; watoto wakaguliwe na mama zao. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute taratibu bila kumkamua. Usimchome kwa kiberiti. Ukirudi nyumbani na ndani ya wiki mbili upate homa, kichwa kikali na kidonda cheusi kidogo palipoumwa, usikimbilie dawa ya malaria tu. Mwambie daktari kuwa ulikuwa msituni. Homa ya kupe ina dawa yake na hupona vizuri ikitambuliwa mapema.

Maji ya kijito, hata yang'ae vipi, yachemshwe. Farasi wako na nyati wa msituni hunywa humo humo, na hawaendi chooni.

Ukiumwa na mbwa wa kambini, au hata farasi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wengine huniuliza kama mtu anaweza kuambukizwa ule ugonjwa mkubwa wa farasi wa Afrika. Huo huenezwa na visubi wanaouma farasi, na hukupati kwa kupanda farasi. Hata hivyo wenye farasi huwachanja kila mwaka, na ndiyo maana nasema farasi wetu wana daktari bora kuliko sisi.

KABLA YA SAFARI

Kama mnapanga safari, yafanyeni haya kuanzia sasa. Kila mtu aende kituo cha afya aulize chanjo ya pepopunda, walau wiki 6 kabla ya kuondoka, ili asiye na kinga apate sindano mbili za mwanzo. Ya tatu aifuate miezi 6 baadaye, safari iwe imepita au la. Ulizeni hospitali iliyo karibu na kambi ni ipi na ni mwendo wa dakika ngapi. Pateni ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu au la Wanyamapori kulingana na mahali, na mwende na mwongozaji anayejua njia, kwa sababu msitu wa Mlima Kenya una tembo na nyati kweli. Rudini kambini kabla ya magharibi. Sandukuni wekeni sabuni, maji safi, bandeji, kibano, dawa ya maumivu na viatu vya kufunika mguu kwa kila mtu, hata wa kwenda msalani usiku.

Mwaka uliofuata chama chetu kilipanga safari tena. Safari hii niliwaambia: asiye na kadi ya chanjo hapandi gari. Walikuja kliniki mmoja mmoja, wanaume wakijifanya hawaogopi sindano. Fundi naye akaja. Wenzake walimcheka wakamwambia, "Wewe si umeshaugua? Umemaliza!" Wengi hudhani hivyo, kwamba ni kama surua. Sivyo. Aliyepona pepopunda hapati kinga yoyote kwa kuugua. Anaweza kuugua tena kesho kama hajachanjwa.

Fundi alikwisha kulijua hilo, kwa kuwa nilimweleza siku alipotoka hospitalini na kumwanzishia sindano zake. Alikuwa amekuja kuonyesha kadi yake tu. Aliiweka mezani, akakaa kwenye benchi, na akamwambia kijana aliyekuwa akisitasita mlangoni: "Ingia, kijana. Inauma kidogo kuliko mwiba."

Wewe nawe, ndugu msomaji, sindano yako ya mwisho ilikuwa lini? Kama hukumbuki, hilo ndilo jibu. Hadi wiki ijayo, afya njema.